Mzee wa Vita Viwili na Majina ya Marehemu Wetu

Maneno ya katekista katika sikukuu ya Yubile ya parokia, Irumu



Padri Paroko aliniomba niseme neno juu ya wazee waliotutangulia. Wenzangu wamekwisha kuwataja wamisionari wa kwanza, makatekista wa kwanza, na wamama waliobeba maji na udongo wa matofali ya kanisa hili. Inafaa sana. Lakini mimi nimechagua mzee mmoja ambaye hakujenga kanisa wala hakufundisha katekismu. Alikuwa mtu wa vita. Alikwenda katika vita vikuu vya kwanza angali kijana, akaenda katika vita vikuu vya pili mvi zimekwisha kuanza kichwani. Ninamtaja leo kwa sababu alituachia kazi moja, na kazi hiyo hatujaimaliza.

Mimi mwenyewe sikumwona. Alizikwa miaka michache kabla ya kuzaliwa kwangu. Yote nitakayosema juu ya maisha yake niliyapata kwa marehemu baba yangu, aliyekuwa katekista kabla yangu, naye alikaa na mzee huyo jioni nyingi akimwandikia, kwa maana mzee hakujua kuandika. Jina lake silitaji sasa. Mtanielewa kabla sijaketi.

MZIGO WA KWANZA

Vita vilipowaka huko Ulaya mwaka 1914, havikukawia kufika kwetu. Upande wa mashariki wa Kongo palikuwa nchi za Wadachi, yaani Wajerumani: Rwanda, Burundi na Tanganyika. Mwaka 1916 askari wa Bula Matari, wale wa Force Publique, waliingia nchi hizo chini ya Jenerali Charles Tombeur. Kundi la kaskazini liliongozwa na Kanali Molitor, la kusini na Kanali Olsen. Kigali ilitwaliwa mwezi wa tano, Kigoma mwezi wa saba, na tarehe 19 ya mwezi wa tisa wakaingia Tabora. Mwaka uliofuata, 1917, wakaendelea mpaka Mahenge.

Hayo yameandikwa vitabuni. Lakini mtu akiyasoma hivi anaweza kufikiri kwamba askari walikwenda peke yao na bunduki zao. Sivyo. Njia za kamiyo hazikuwako. Ng'ombe na punda walikufa kwa mbung'o. Basi kila sanduku la risasi, kila gunia la unga, kila kipande cha mzinga uliofunguliwa, kila hema la ofisa, vilikwenda juu ya kichwa cha mtu. Na mpagazi naye hula. Kwa hiyo ilihitajika mpagazi mwingine wa kubeba chakula cha mpagazi. Ndiyo sababu askari walikuwa maelfu, lakini wapagazi waliotumiwa na Bula Matari katika vita vile vyote walihesabiwa kuwa wapata 260,000. Waingereza nao walitoa wapagazi wa Uganda kulisaidia jeshi la Kongo. Kikosi chao kiliitwa Carbel. Wengi katika watu hao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, na ndui, na homa ya mapafu katika milima ya baridi ambayo ngozi zao hazikuizoea, na chakula ambacho matumbo yao hayakukijua.

Mzee wetu alikuwa mmoja wao. Alikadiri kwamba alikuwa na miaka kumi na sita. Shefu alikuwa ameombwa watu, kapita akatumwa kuwatafuta, naye kijana alikutwa njiani akienda sokoni. Hakuulizwa kama anataka. Alifungwa kamba pamoja na wengine, wakashuka kusini kwa njia ya Beni na Rutshuru, wakapanda Rwanda, wakaendelea mbele mpaka hakujua tena jina la nchi anayokanyaga.

Katika kamba ile, aliyefuata nyuma yake alikuwa kijana wa makamo yake, wa kabila jingine. Hawakusikilizana lugha. Siku za kwanza walisemezana kwa mikono. Baadaye wakapata maneno machache ya Kingwana, hii hii tunayosema leo hapa. Waligawana posho. Usiku wa baridi walilala mgongo kwa mgongo. Askari walimwita kijana yule Kidogo, kwa sababu alikuwa mfupi, na mzee wetu naye akamwita hivyo hivyo.

Walipopita Biharamulo, Kidogo akashikwa na kuhara damu. Siku mbili mzee wetu alichukua mzigo wa mwenzake juu ya mzigo wake. Siku ya tatu Kidogo hakusimama tena. Msafara hausimami kwa ajili ya mpagazi mmoja. Walimlaza chini ya mti, wakamwachia maji katika kibuyu, wakaondoka. Mzee alimwambia baba yangu kwamba aligeuka nyuma mara tatu, na mara ya tatu hakuuona mti tena.

Aliporudi kwetu baada ya vita alitaka kwenda kwa mama ya Kidogo kumpa habari. Hapo ndipo alipofahamu kitu kilichomwumiza maisha yake yote: hakulijua jina la kweli la rafiki yake. Hakujua jina la baba yake wala la kijiji chake. Walikuwa wamegawana posho na blanketi moja, na hakupata kumwuliza. Kwa miaka mingi, siku ya soko, aliwatazama wamama wazee waliokuja kutoka mbali, akijiuliza: Labda ni huyu? Labda huyu angali akingoja?

SIMONI WA KIRENE

Wandugu, kila Ijumaa ya Kwaresima tunafuata Njia ya Msalaba, na katika kituo cha tano tunapiga magoti mbele ya Simoni wa Kirene. Kirene ni mji wa Afrika ya kaskazini. Simoni alitoka shambani, anapita njia yake, hana neno na Warumi wala na Wayahudi. Askari wakamkamata, wakamtwika msalaba wa mtu mwingine.

Nilipokuwa katika seminari ndogo, mwalimu wetu wa Kilatini alitufundisha kwamba katika Biblia ya Kilatini jambo hilo limeandikwa kwa neno *angariare*. Ni neno la serikali za kale: maana yake kumlazimisha mpita njia abebe mizigo ya wakubwa. Nilipolisikia neno hilo, mimi mtoto wa Irumu, sikuhitaji maelezo marefu. Nilimwona kapita na kamba yake.

Lakini Evanjeli ya Marko inaongeza kitu ambacho mara nyingi tunakipita upesi. Inasema kwamba Simoni huyo alikuwa baba ya Aleksanda na Rufo. Kwa nini Marko aliwataja watoto wake? Walimu wa Maandiko hueleza kwamba pengine Wakristu wale waliwafahamu vijana hao. Walikuwa watu wa jumuiya yao. Hivyo mpagazi mmoja aliyekamatwa njiani hakupotea. Jina lake linasomwa duniani kote mpaka leo, kwa sababu palikuwa na jumuiya iliyouliza: Yule aliyebeba msalaba alikuwa nani? Mtoto wa nani? Wa wapi?

Sasa tazameni upande wetu. Jenerali Tombeur alipata cheo cha baroni kutoka kwa mfalme wa Ubelgiji, na jina la Tabora likaunganishwa na jina lake mwenyewe. Ameitwa Tombeur wa Tabora. Simwonei wivu, alikuwa mkubwa wa jeshi na jeshi lake lilishinda. Lakini mji ule ulifikiwa pia kwa vichwa na miguu ya wapagazi. Katika wale wa kwetu, ni wangapi tunaowajua kwa majina?

MZIGO WA PILI

Mzee wetu hakukaa sana nyumbani. Baadaye aliandikwa askari, akatia mkataba wa miaka saba, kisha akaongeza tena. Alisema wazi sababu yake: afadhali kushika bunduki kuliko kufungwa kamba mara ya pili. Alijifunza Lingala ya kambi, akapanda mpaka serza.

Mwezi wa tano 1940 Ubelgiji ulishindwa na Wajerumani, lakini Kongo, chini ya Gavana Mkuu Pierre Ryckmans, ilibaki upande wa Waingereza. Mwezi wa sita Italia nayo ikaingia vitani, na Waitalia walikuwa wameitwaa Abisinia. Basi wana wa Kongo wakatumwa huko. Wengi walipita kwetu kaskazini: kwa kamiyo mpaka Aba, kutoka Aba mpaka Juba, halafu kwa meli juu ya mto Nile mpaka Malakal, na mbele zaidi kuelekea milima ya Abisinia. Tarehe 11 ya mwezi wa tatu 1941 walisaidia kuitwaa Asosa. Mwezi ule ule wakatwaa Gambela. Kisha wakafika chini ya mlima wa Saio, wakakwama. Mvua zilianza, njia zikawa matope, chakula kikapungua. Kuhara damu kukarudi, pamoja na beriberi, ugonjwa wa kukosa chakula chenye nguvu. Lakini tarehe 3 ya mwezi wa saba 1941 Jenerali Gazzera wa Italia, pamoja na majenerali wengine, alijitoa mikononi mwa Jenerali Gilliaert na askari wa Kongo.

Wale waliobaki nyumbani nao walibeba mzigo wao. Serikali ilitaka mpira, pamba, na dhahabu ya Kilo-Moto, na siku za kazi ya lazima zilipandishwa mpaka 120 kwa mwaka. Mama aliyekuwa na mume katika jeshi alilima peke yake shamba la nyumba na shamba la serikali.

Katika safari hiyo ya pili mzee wetu alikuwa amevuka miaka arobaini. Vijana wa kundi lake walimwita Baba. Naye aliwawekea desturi moja ambayo haikuandikwa katika sheria ya jeshi. Kila jioni, baada ya posho, kila kijana alisema mbele ya wenzake jina lake, jina la baba yake, jina la mama yake, na kijiji chake. Kila jioni. Wao walichoka, wakacheka, wakasema: Baba, tumekwisha kujuana! Yeye akajibu: Semeni tena.

Mmoja wao alifia chini ya Saio, kwa ugonjwa ule ule uliomwua Kidogo. Mzee alimbeba mgongoni mpaka hema ya waganga, lakini hakupona. Safari hii, hata hivyo, hakumwacha chini ya mti. Alimzika, akatia alama, na aliporudi alikwenda kwa miguu mpaka kijiji cha kijana, akauliza nyumba kwa jina la baba na jina la mama. Alikaa na wazazi siku tatu. Walilia pamoja. Walifanya matanga kama inavyopasa. Mama yule hakuendelea kungoja mlangoni.

Wandugu wapenzi, huo ndio ushujaa ninaotaka tuuone leo. Alirudi na medali pia. Alizitia katika kopo la sigara, na wajukuu wake walizichezea. Lakini medali ni kitu ambacho serikali ilimpa yeye. Jina la yule kijana ni kitu ambacho yeye alimpa mama mmoja.

Wengine wa kwetu waliendelea mbali zaidi: mpaka Nigeria, Misri na Palestina. Hospitali ya Kongo yenye watu wetu wapata 350 ilitumwa mpaka Birmania, kuwatunza waliojeruhiwa katika vita na Wajapani. Babu zetu walibeba masanduku ya risasi. Hao walibeba wagonjwa juu ya machela. Mmoja wao, Koplo Albert Kunyuku, alikuwa amefikisha miaka 100 mwaka 2022, na tarehe 8 ya mwezi wa sita mwaka ule Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani mjini Kinshasa mbele ya watu. Tulifurahi. Lakini tulijiuliza pia: Ni wazee wangapi waliokufa kabla ya mtu yeyote kuwauliza?

KAYE YA MAJINA

Mzee wetu aliporudi alisoma katekismu pamoja na watoto wadogo, akabatizwa. Baadaye, kila alipokufa mtu aliyepata kuwa mpagazi au askari, alikuja kwa baba yangu na kaye ya shule chini ya kwapa, akasema: Mwalimu, andika. Baba aliandika jina la marehemu, la wazazi wake, kijiji chake, na mahali alipobebea mzigo. Mzee hakupenda kuandikiwa kabila. Baba alipomwuliza sababu, alijibu kwamba katika kamba hapakuwa na kabila.

Kwenye ukurasa wa kwanza palikuwa na neno moja tu: Kidogo. Mbele yake, mahali pa jina la baba, la mama na la kijiji, paliachwa wazi. Kila mwaka, siku ya marehemu wote, mzee alileta kaye ile kanisani, akaiweka chini ya mguu wa altare wakati wa Misa.

Alipokufa, kaye ilibaki nyumbani kwetu. Halafu vikaja vita vyetu wenyewe, vile vya mwaka 1999 mpaka 2003. Nyumba yetu iliteketea pamoja na nyingine nyingi. Kaye ikateketea. Baba yangu, akiwa mkimbizi, alikaa chini akajaribu kukumbuka. Alikumbuka majina tisa. Aliyaandika nyuma ya karatasi ya dawa, na karatasi hiyo ninayo hapa mkononi.

KAZI YETU

Wapadri na wandugu, sikuleta habari hii ili tusifu vita. Mzee mwenyewe hakuvisifu. Watoto walipomwomba awaonyeshe namna ya kushika bunduki kwa kutumia fimbo, aliichukua ile fimbo akawaonyesha namna ya kuchimba shimo la mhogo.

Ninaileta kwa sababu Ituri yetu haijapumzika. Tangu mwaka 1999 tumezika watu wengi, na wengine hatukuwazika. Wamo Wahema na Walendu, Wangiti na Wabira, Wanyali na Walese, na wageni waliotukimbilia. Mwezi wa tano 2021 serikali ilitangaza hali ya kuzingirwa katika jimbo letu, na hata baada ya hapo vijiji vilichomwa na watu wakakimbia. Kila upande una hesabu ya wafu wake, na mara nyingi tunaishika hesabu hiyo kama deni la kulipiza. Orodha ya namna hiyo huita vita vingine. Kaye ya mzee ilikuwa orodha ya namna nyingine: aliandika jina ili mama aweze kulia, na akisha kulia, aweze kulala.

Kwa hiyo, pamoja na Baraza la parokia, tunaomba mambo matatu katika mwaka huu wa Yubile.

Kwanza, kila jamaa iulize wazee wake: Nani alichukuliwa upagazi? Nani alikwenda Tabora, Saio, Misri, Birmania? Leteni majina kwa katekista wa kijiji chenu. Kama mnajua jina moja tu bila la baba, leteni hilo moja.

Pili, tutafungua kitabu kipya kando ya kitabu cha wafu cha parokia. Ndani yake tutaandika pia marehemu wa vita vya siku zetu, wa kila upande, katika ukurasa ule ule, kwa kufuata tarehe, bila kutaja kabila. Ninajua kwamba jambo hili ni gumu. Mimi mwenyewe ninao ndugu wa kuandika humo, na ninajua kwamba jina lao linaweza kukaa karibu na jina la mtu niliyekuwa nikimchukia. Nimeomba neema ya kulivumilia, na ninaendelea kuiomba.

Tatu, ninawageukia vijana. Leo hamfungwi kamba. Mnaitwa kwa maneno matamu, kwa fedha kidogo, kwa hasira ya mababa. Lakini mzigo ni ule ule wa mtu mwingine, na njia ni ile ile yenye mti mmoja pembeni. Kabla ya kufuata mtu anayekuita mwituni, mwulizeni: Je, unalijua jina la mama yangu? Nikifa, nani atakwenda kumwambia? Akishindwa kujibu, rudini nyumbani.

Tarehe 2 ya mwezi wa kumi na moja, baada ya Injili, majina yote tutakayokuwa tumepata yatasomwa. La kwanza litakuwa la mzee mwenyewe. Ndiyo sababu sikulitaja leo: mjukuu wake aliniomba ayatamke yeye, jina la babu yake, la wazazi wake na la kijiji chao, kama ilivyokuwa desturi ya jioni kule Saio. Yatafuata yale tisa ya baba yangu, halafu yenu.

Na mwishoni mwa kitabu tutaacha mstari mmoja kwa ajili ya Kidogo. Hatujui alikuwa mwana wa nani. Labda mama yake alikaa katika kijiji cha mmoja wenu mnaonisikia, akafa akitazama njia. Kama nyumbani kwenu kuna habari ya mtoto mfupi aliyechukuliwa mwaka 1916 asirudi, njoni mniambie. Amengoja kwa muda mrefu.

Yezu Kristu asifiwe.